Mgonjwa haulizwi uji, ila hapa aulizwe: mashine za ICU, wodini, au kumrudisha nyumbani

Saa nane usiku daktari alituita koridoni. "Presha inashuka na amechoka kupumua. Tumpeleke ICU awekewe mashine, au tusimpeleke? Nahitaji jibu sasa hivi." Tulikuwa mama, baba mdogo, mimi, na kaka yangu aliyekuwa kwenye simu kutoka Muscat. Baba alikuwa na saratani ya umio iliyokwisha kusambaa hadi kwenye ini, na usiku ule nimonia ilikuwa imemkalia juu yake. Kwa miezi mitatu ya kuuguza tulikuwa tumeulizana nani analipa, nani analala hospitali, nani anapika uji. Baba mwenyewe hakuna aliyemuuliza ikifika hapa angetaka nini. Baba mdogo ndiye aliyejibu, kwa kuwa sauti yake ilitoka kwanza: "Pelekeni."

Nawaandikia walio kwenye koridori ile, na wanaoona wanaelekea huko na bado wana siku chache za kufikiri. Njia zinazokuwa mezani kwa kawaida ni tatu: ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) na mashine zake, wodi ya kawaida (atibiwe kinachotibika lakini bila mashine), au nyumbani chini ya tiba shufaa, yaani huduma inayotuliza maumivu na kumtunza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena. Baba alipita zote tatu ndani ya miezi isiyozidi mitano, na kila moja ilitupa kitu na kutunyang'anya kitu.

Kumchoma mgonjwa sindano ya kumaliza maisha hakumo kwenye ulinganisho huu. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda jambo hilo ni kosa la jinai. Wasomaji wenye wazazi Uholanzi, Ubelgiji au Kanada watakutana na swali hilo kwa sura nyingine, kwa kuwa huko sheria inaruhusu kwa masharti.

Tunapima kwa vipi

Kipimo kinachobeba uzito kuliko vyote ni hiki: kinachomuua leo ni kitu gani, na je, kinaweza kurudi nyuma? Ugonjwa mkubwa na tukio la leo ni vitu viwili. Saratani ya baba ilikuwa haiponi, lakini nimonia ile ilikuwa inatibika. Mwingine ana nimonia kama hiyo, ila mapafu yenyewe yamejaa saratani, na hapo hakuna cha kurudi nyuma. Msimuulize daktari "atapona?", kwa sababu jibu lake litakuwa la kuzungukazunguka. Muulizeni: "Hiki kilichomleta leo kikitibiwa, atarudi kwenye hali ya mwezi uliopita, au atabaki hapa alipo?" Swali hilo hujibiwa.

Cha pili ni maumivu na pumzi, kwa maana ya wapi vitatulizwa vizuri zaidi. Cha tatu ni sauti ya mgonjwa: je, njia hii inamwachia nafasi ya kusema, kuaga, kubadili mawazo? Tuna msemo kwamba mgonjwa haulizwi uji, na kwa uji ni kweli, unampelekea tu. Kwa mpira wa kupumulia kooni msemo huo unatupoteza. Cha nne ni mikono, nani atamgeuza saa tisa usiku. Cha tano fedha. Cha sita ni dini na sheria, ambavyo hapa kwetu vinakaa kitandani pamoja na mgonjwa na hakuna haja ya kujifanya havipo.

Njia ya kwanza: ICU na mashine

*Kinachorudi nyuma.* Hapa ndipo ICU inapong'ara. Imejengwa kumvusha mtu kwenye daraja: mapafu yashikiliwe na mashine huku antibiotiki ikifanya kazi, presha ishikiliwe kwa dawa huku maambukizi yakipigwa, figo zilizozimika ghafla zisaidiwe kwa kusafisha damu hadi ziamke. Lazima pawe na ng'ambo ya kufikia. Baba alikaa humo siku tisa akatoka kwa miguu ya kusaidiwa. Wiki sita baadaye alimwozesha mdogo wangu wa mwisho akiwa ameegemea mto sebuleni, mkono wake ndani ya mkono wa bwana harusi, akatamka maneno yote ya ijabu, ya kumtoa binti yake, bila kusita. Anayesema ICU kwa mgonjwa wa saratani ni upotevu mtupu hakuwa kwenye nikaha ile.

Pasipo na ng'ambo, mashine hushikilia pale pale. Moyo unapiga na kifua kinapanda, na ugonjwa unaendelea na safari yake chini ya shuka.

*Maumivu na pumzi.* Mpira wa kooni unauma, kunyonywa makohozi kunauma, na mara nyingine mikono hufungwa kwa bandeji kwenye kingo za kitanda ili asiuvute. Dawa za usingizi hupunguza hayo, na zikitolewa vizuri mgonjwa halii.

*Sauti.* Hii ndiyo bei kubwa. Mtu mwenye mpira kooni hasemi. Baba alipotoka alituambia, kwa sauti iliyokwaruza: "Nilikuwa nawasikia. Nilitaka kumwita mama yenu, nikashindwa." Halafu akaongeza neno ambalo ndilo lililotuongoza baadaye: "Msinirudishe kule."

*Mikono.* Wauguzi wanafanya kila kitu, ninyi mnasubiri nje. Kwa familia iliyochoka hilo ni pumziko la kweli. Kwa mama, aliyezoea kumpangusa uso mumewe kila asubuhi, dakika kumi za kumtazama akiwa amevaa barakoa na gauni la hospitali zilikuwa adhabu.

*Fedha.* Bili ya ICU inahesabiwa kwa siku, na ndani ya siku kuna kitanda, mashine, oksijeni, dawa za presha, vipimo vya damu asubuhi na jioni. Kabla ya saini, mtu mmoja aende dirisha la bima akaulize mambo mawili: inalipa siku ngapi, na vitu gani haviingii. Kenya, mfumo wa bima ya afya wa SHA ulioanza Oktoba 2024 badala ya NHIF ya huko una mfuko wake wa dharura, magonjwa sugu na mahututi, kwa hiyo ulizeni kwa jina hilo. Tanzania Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023, lakini kinachomhusu mgonjwa wenu ni kilichoandikwa kwenye kifurushi chake leo. Nimeona familia ikiuza kiwanja kwa siku nne za mashine ambazo daktari mwenyewe alisema hazitabadilisha kitu. Waliobaki bila kiwanja hicho walikuwa watoto wa shule.

*Dini na sheria.* Hofu kubwa ya familia ni siku ya kuitoa mashine: "Tutakuwa tumemuua." Wanadini wamelifikiria hili muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1957 wataalamu wa dawa za usingizi walimpelekea Papa Pius XII swali hilihili la mashine za kupumulia, naye akajibu kwamba mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, wala halazimiki kutumia zile za kupita kiasi. Kwa Waislamu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Amman mwaka 1986 likaamua kwamba ubongo ukiwa umesimama kabisa kufanya kazi, na madaktari bingwa wakathibitisha hautarudi, inajuzu kuondoa mashine hata kama viungo vingine bado vinaendeshwa nayo. Angalieni mpaka wa uamuzi huo: unamzungumzia aliyekufa ubongo. Kwa mgonjwa mwingine, kaeni na sheikh wenu na daktari kwa pamoja, chumba kimoja. Kila mmoja akizungumza peke yake ninyi mtabaki kuwa wakalimani wa mambo msiyoyajua.

Kwa upande wa sheria, kanuni za adhabu za Tanzania na Kenya zinamhesabu aliyeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa ndiye aliyesababisha, hata kama ugonjwa wenyewe ungemuua. Maadili ya udaktari yanatofautisha kuharakisha kifo na kuacha tiba isiyosaidia tena, na yanaona kutoanzisha mashine na kuisimamisha kuwa ni jambo la uzito mmoja. Lakini daktari mwenye sheria ile kichwani huwa mzito kuandika "tumesimamisha". Kwa hiyo ulizeni mlangoni, kabla mgonjwa hajaingia: "Ikishindikana, hapa mnaiondoa mashine, au mnaiacha hadi moyo usimame wenyewe?"

Jambo moja lingetusaidia sana kama mtu angetuambia usiku ule, nalo ni kuingia kwa muda maalumu. Mnakubaliana na daktari: siku tatu, au tano. Siku hiyo mnakaa tena. Kama mapafu yanajibu, mnaendelea. Kama kila kipimo kinashuka, hamuongezi kingine. Familia iliyokubaliana tarehe haigombani siku ya tarehe kama ile isiyokuwa nayo.

Njia ya pili: wodini, bila mashine

Hii ndiyo inayosahaulika, kwa sababu swali la koridoni huja kama "ICU au hapana", na "hapana" inasikika kama kumtupa mtu.

*Kinachorudi nyuma.* Mengi yanatibika wodini: nimonia isiyo kali, malaria, upungufu wa damu au wa maji mwilini. Na yapo ya kumpa nafuu hata kama saratani haiponi. Tumbo lililojaa maji hutolewa maji kwa sindano, akashusha pumzi saa ileile. Mfupa ulioliwa na saratani mara nyingi hutulizwa kwa mionzi ya siku moja tu. Umio ulioziba unaweza kuwekewa kibomba cha waya unaopanuka, mgonjwa akameza uji tena. Baba aliwekewa. Alipomeza kijiko cha kwanza cha uji wa ulezi baada ya wiki mbili, alifunga macho akakaa hivyo kwa muda, kijiko bado mdomoni.

*Maumivu na pumzi.* Inategemea sana ni wodi gani na ni nani zamu. Wiki mbili baba aliguna usiku kucha akipewa vidonge vya panadoli, kwenye hospitali ambayo mofini, dawa kali ya maumivu, ilikuwepo, chumba cha dawa kilekile, kabati lenye kufuli. Hakuna aliyeiandika. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alituvuta pembeni: "Kaka, ombeni watu wa tiba shufaa waje wamuone." Tungejua neno hilo wiki mbili kabla! Mgonjwa wenu akiguna wodini, litamkeni ninyi: *tiba shufaa*. Msisubiri mtu awaambie.

*Sauti.* Anasema, anakula anachoweza, anaonana na watu. Kelele za wodi na taa za usiku humchosha.

*Mikono.* Ninyi. Ndugu analala kwenye mkeka chini ya kitanda, anamgeuza, anamlisha. Kuna muuguzi wa kuitwa, lakini ana wagonjwa wengi.

*Fedha.* Iko kati. Bili haipai kama ya ICU, ila siku huwa nyingi, na nauli na chakula cha wauguzaji havikai kwenye bili yoyote.

*Dini na sheria.* Linaloleta ugomvi hapa ni kukandamiza kifua moyo ukisimama. Kwenye sinema mtu hukandamizwa akakohoa akaamka. Hata kwenye hospitali za Marekani zenye kila kitu, wagonjwa wengi wanaosimama moyo wakiwa wamelazwa hawatoki hai, na kwa mwenye saratani iliyosambaa matumaini ni madogo zaidi. Mbavu huvunjika, na akirudi, hurudi kwenye mashine ile aliyosema hataki. Kama mmeamua njia hii, hakikisheni daktari ameandika kwenye faili kwamba moyo ukisimama asikandamizwe, na kwamba tiba nyingine zote zinaendelea. Lisipoandikwa, zamu ya usiku haitajua, na watafanya walivyofundishwa.

Njia ya tatu: nyumbani na tiba shufaa

*Kinachorudi nyuma.* Kidogo. Anayechagua nyumbani anakubali kwamba maambukizi yakija yatatibiwa kwa vidonge, yasipojibu hatakimbizwa. Kama tukio la leo linatibika na mgonjwa anataka kutibiwa, nyumbani ni mapema.

*Maumivu na pumzi.* Wengi hushangaa hapa: maumivu yanaweza kutulizwa nyumbani vizuri kuliko wodini. Kazi inafanywa na mofini ya maji, unga unaochanganywa na maji na kutiwa kwenye chupa. Hospice Africa Uganda, taasisi ya tiba shufaa iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, ilijengwa juu ya chupa hiyo, na mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waweze kuiandika, bila kumsubiri daktari asiyepatikana kijijini. Kenya, Nairobi Hospice ipo tangu 1990. Tanzania mlango unaojulikana zaidi ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na hospitali kadhaa za makanisa zina timu zinazotembelea majumbani.

Kwetu chupa ilikaa juu ya friji, mbali na wajukuu. Mama alivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha kusoma mstari, akalitia kwenye shavu la baba kwa ndani. Saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni. Na ya saa nne usiku ilikuwa mara mbili ya zile za mchana ili imvushe hadi asubuhi bila kuamshwa. Kila akitoa, alichora mkwaju kwenye kalenda ya ukutani. Baba alikunja uso: "Chungu kama mwarobaini hii." Siku ya tatu alilala usiku mzima, nasi tukakaa macho kwa kukosa kuzoea ukimya.

Kuhusu hofu ya mofini niseme wazi. Ikianzwa kidogo na kupandishwa kufuata maumivu, haimuui mgonjwa, na ni nadra mwenye maumivu ya saratani kugeuka mlevi wa dawa. Inafunga choo, hilo ni la uhakika, kwa hiyo dawa ya kulainisha ianze siku ileile. Uganda hospisi zimewahi kufundisha hata mbegu za papai zilizokaushwa. Dozi ndogo hutuliza pia ile pumzi ya kukimbia, pamoja na dirisha lililofunguliwa na kupepewa usoni. Anayesema "mkimpa mofini mmemkatia tamaa" hajakaa na mtu anayeuma meno kwenye ukingo wa shuka.

*Sauti.* Hapa ndipo anaposikika zaidi. Baba alitaka kitanda kihamishiwe dirisha la barabarani awasikie watu wakienda sokoni alfajiri. Alidai deni la mtu, akasamehe la mwingine.

*Mikono.* Hapa nyumbani panaweza kuwa pagumu kuliko ICU. Tunaposema "familia itamhudumia", mara nyingi tunamaanisha binti mmoja. Dada yangu alifunga biashara yake ya vitenge wiki saba. Alimgeuza kila baada ya saa mbili, alimbadilisha nepi, alifua mashuka yenye damu usiku ili majirani wasione. Wanaume wa nyumba tulikuwa tunaingia kusalimia. Kama mnachagua njia hii, andikeni zamu kwenye karatasi, na majina ya wanaume yawemo.

*Fedha.* Hakuna bili ya siku, ila kuna nepi, glavu, pamba, usafiri wa muuguzi, na kipato cha aliyeacha kazi. Uganda mofini ya maji hutolewa bure na serikali. Nimeona pia jambo linaloniumiza: kundi la WhatsApp la ukoo linachangia mazishi kwa siku moja kiasi ambacho lilishindwa kuchangia nepi kwa miezi miwili. Ombeni mchango sasa, kwa orodha ya vitu na bei zake.

*Dini na sheria.* Kuna nafasi ya kumlakinia shahada (kumkumbushia aitamke) taratibu, au padri kuja kumpa Mpako wa Wagonjwa akiwa bado anajua anachopokea. Kisheria hakuna kosa kumuuguza mtu nyumbani hadi afariki. Tunzeni barua ya hospitali inayotaja ugonjwa. Mtendaji wa mtaa Tanzania, au naibu chifu Kenya, ataitaka wakati wa kuandikisha kifo.

*Chakula* nakiongeza hapa kwa sababu ndicho kilicholeta ugomvi mkubwa nyumbani kwetu kuliko mashine. Baba alipoacha kula wiki ya mwisho, shangazi alilia: "Mnamuua kaka yangu kwa njaa! Hata dripu?" Kuna tofauti. Mwenye umio ulioziba ambaye bado anatembea na anahisi njaa, mpira wa kulishia tumboni unaweza kumsaidia sana. Mwili unaozima hautumii tena chakula, na maji ya dripu huishia kwenye mapafu na miguu, yakamletea mkoromo. Muuguzi alimpa shangazi kazi: kulowesha pamba, kumpangusa midomo na ulimi kila nusu saa, kupaka mafuta kidogo. Shangazi aliifanya kwa siku nne bila kumwachia mtu.

Je, aambiwe ukweli?

Swali hili linatangulia njia zote tatu, maana asiyejua anaumwa nini hawezi kuchagua alale wapi. Familia nyingi huficha kwa mapenzi. Nami nilikuwa upande huo; nilimsihi daktari asiseme neno saratani. Baba alikuwa analijua tangu wiki ya pili, kwa kusoma nyuso zetu, na alikuwa anatuficha sisi kwamba anajua.

Haihitaji kumwaga habari yote kwa mpigo. Muulizeni kwanza anataka kujua kiasi gani. Wapo wanaosema "mwambieni mwanangu, mimi msinieleze", na hilo nalo ni jibu la kuheshimiwa. Wengine hufunguka kwa swali la pembeni: "Baba, katika haya yote kinachokutisha ni nini?" au "Ukizidiwa tena, unapenda uwe wapi?" Akitaja mtu wa kumsemea siku akishindwa, liandikeni, aweke saini au dole gumba, mashahidi wawili wawepo. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamtambua mtu aliyeteuliwa na mgonjwa kwa maandishi kutoa ridhaa badala yake. Hata pale ambapo karatasi hiyo haina nguvu ya kisheria, inamnyamazisha ndugu aliyefika jana kutoka safarini na sauti kubwa.

Kwa hali yenu

Kama kilichomleta leo kinatibika, alikuwa anajihudumia mwezi uliopita, na hajawahi kukataa mashine: ICU kwa muda maalumu ina maana, hata kama ana ugonjwa usiopona. Tajeni tarehe ya kukaa tena.

Kama daktari amesema hatarudi kwenye hali ya mwezi uliopita, ila kuna damu ya kuongezwa, maji ya kutolewa au maambukizi ya kupigwa: wodini, pamoja na maandishi ya kutokandamiza kifua, na tiba shufaa iitwe siku ya kwanza.

Kama mgonjwa ameshasema "nirudisheni kwangu", dawa ya maumivu inapatikana na wapo angalau watu wazima wawili wa kupokezana usiku: nyumbani. Msiondoke hospitali bila chupa ya mofini, dawa ya choo na namba ya simu ya muuguzi atakayepokea usiku.

Kama anataka nyumbani lakini hakuna mikono, au mofini haifiki huko mnakoishi: bakini wodini, au mhamishieni kwa ndugu aliye karibu na timu ya tiba shufaa. Kumpeleka kijijini bila dawa, kwa gari la mwendo wa saa tisa, kwa sababu ndiko kwa mababu, kunaweza kumpa wiki ya mateso. Hilo nalo mwambieni waziwazi kabla hajaamua.

Kama ndugu mmegawanyika na mgonjwa hawezi kusema: ombeni kikao kimoja na daktari, ndugu wote, wa mbali kwenye simu yenye spika. Kila mmoja ajibu swali hili badala ya "wewe unaonaje": "Yeye angesema nini?" Tulipolijibu sisi, hata baba mdogo alisema jambo lilelile tulilosema wengine.

Na kama mmeshachagua nyumbani, na usiku huu pumzi zimebadilika, zinakimbia, zinasimama, zinaanza tena, miguu imekuwa ya baridi na kifua kinakoroma: msiite teksi. Mlazeni ubavu, mto mgongoni. Mkoromo unawatisha ninyi kuliko unavyomsumbua yeye. Mofini iendelee saa zake, matone kidogo ndani ya shavu. Mpigieni muuguzi, kisha wapigieni wanaotaka kuja, na aliye mbali awekewe simu sikioni kwa baba, aseme alilonalo. Kaka yangu wa Muscat alisema lake saa kumi kasoro, simu ikiwa juu ya mto, na mama akaendelea kulowesha pamba.